Viti ya Kulala ku Bichi Yetu

Hapana, haikuwa mimi. Tumalize hiyo kwanza. Watu ya bichi, watu ya soko, hata wale wa ngambo ya mayi wenye hawakuwako ile siku, wote wanasema ni mudomo yangu njo ilifukuza proje ya kutengeneza bichi. Wanapita na mizigo ku kichwa, wananionyesha na kidevu: "Ule bibi! Ule njo alisema ile neno!" Niwajibu nini? Mudomo yangu iko na kesi mingi, siwezi kukatala. Lakini ile neno haikuwa yangu. Ningeisema mimi, ningeisema na mikono na macho, watu wangecheka mupaka waanguke mu mayi. Ile siku hakuna mutu alicheka.

Njoo uangalie. Hanga yetu, kile kibanda ya kuuzia chakula, iko, inasimama. Ile alama nyekundu ku nguzo, moshi imeifunika, lakini ukikwangua na kisu utaikuta. Eskalie ya kushukia ku mayi hakuna. Viti ya kulala hakuna. Watu wanateleza sawa zamani, wanatukana matope, wanaamuka, wanakuja kula kwetu.

Sisi tunaita bichi fasi yenye mitumbwi inafikaka. Haiko kitu ingine. Bichi ni matope na kelele. Ni magunia ya muchele na makala, ni mbuzi yenye inakatala kushuka mu mutumbwi, ni mama mwenye anapiga hesabu ya samaki na mutoto ku mugongo. Ni wale vijana wanatoka Salamabila na pikipiki, wanangojea kuvuka, mukono moja juu ya zahabu mu mufuko saa yote, hawataki mutu awaguse, hata salamu wanakupa na nyusi. Kutoka Nyangwe wanafika, kutoka Lusangi wanafika, na wote wanafika na njaa. Hiyo njo bichi. Muzungu akisema bichi anasema kitu ingine, lakini hiyo tulikuja kuijua nyuma.

Mimi niko na ugonjwa moja. Nikisikia sauti ya mutu, inaingia mu mwili, inatafuta njia ya kutokea. Sikusoma, kalamu siijui. Lakini nipe mutu asubui, magaribi nitakurudishia yeye muzima, na kikohozi yake. Wapiga kasia wananiambiaka: "Mama, tutolee mukubwa wa komini!" Naweka sahani chini, navuta tumbo mbele, namutoa. "Tutolee padiri!" Natoa padiri. "Tutolee shehe!" Shehe namutoa pole pole, sababu yaya iko karibu.

Yaya njo muke mwenzangu. Yeye alinitangulia mu nyumba ya muzee wetu. Ni yeye mutu moja tu nashindwa kumuiga. Anasema maneno kidogo, na ile kidogo anaiweka sawa mutu anaweka sufuria chini: pu, imeisha. Ukitaka kumuiga unafanya nini? Unafunga mudomo. Na mimi kufunga mudomo sijui.

Wakati muzee alikufa, tulikaa eda pamoja mu chumba moja. Majirani walingojea siku eda itaisha tupigane juu ya sufuria. Eda ikaisha, yaya akabeba sufuria kubwa, akanipa ile ya kati, akashuka ku mayi. Mimi nikamufuata. Njo vile tuliweka hanga yetu pale mitumbwi inafika: nguzo, majani, kisha mabati. Wali, samaki, sombe ya majani ya muhogo na mafuta. Kazi yetu njo hiyo mupaka leo. Hatuna shamba, hatuna mwanaume, tuko na ile fasi.

Sasa, mwaka moja, wakati ya mvua, yaya alishuka kuteka mayi. Pa kurudi, na bido ya mayi ku kichwa, muguu yake ikaenda upande yake, yeye akaenda upande ingine. Toka ile siku anachechea na fimbo. Aliamuka, akaangalia kile kilima ya matope kutoka chini mupaka juu, akasema: "Hii." Basi. Mimi nilipiga kelele mupaka ngambo ya pili walifikiri mutu amekufa. Yeye: "Hii."

Haikupita siku mingi, komini, serikali ya hapa kwetu, ikaita watu. Mukubwa anataka kusikia mahitaji ya wananchi. Tukaenda, tukakaa chini ya mabati, joto sawa mu chungu. Mukubwa akasimama, akafunga kifungo ya kostime, kifungo ikakatala, akaiacha. "Bo! Wamama, wababa. Serikali ni nani? Serikali ni mimi na weye. Premiereman, mutaje mahitaji. Deziememan..." Akaangalia mabati, anatafuta ya pili. "Deziememan, mutaje mahitaji."

Nikasimama. "Mukubwa, tutengenezee bichi. Tuwekee eskalie ya simenti, mutu ashuke sawa mutu. Tuwekee hanga kubwa, mvua isipige mizigo. Tuwekee choo. Watu wanatoka mbali na tumbo yao, wanashuka mu mutumbwi, waende wapi?"

Watu wakacheka, mukubwa naye akacheka. "Mama iko na hoja! Karani, andika." Karani akaandika. Nilimuangalia mukono. Mimi nilisema mingi, mukono yake ilitembea kidogo tu, ikasimama. Nikamunong'oneza yaya: "Ule ameandika neno moja tu." Yaya akajibu: "Bichi."

Mvua ikapita. Kiangazi ikaingia, mayi ikashuka, muchanga ikatokea pale chini ya fasi ya mitumbwi, ile tunaonaka kila kiangazi. Muchanga mweupe, laini sawa unga ya muhogo. Ukiiona kutoka mbali utaipenda. Sisi ya hapa hatukalie pale.

Asubui moja nasukuma moto, nasikia nyuma yangu fyu, fyu, fyu. Nageuka: ajan, mutumishi wa komini, ule mwenye anasemea mu pua, iko na kopo ya rangi, anapiga nguzo yetu musalaba nyekundu.

"Mwanangu, unafanya nini ku nguzo yetu?"

"Naweka alama, mama."

"Alama ya nini?"

"Ya kuvunja."

"Jana ulikula hapa. Wali na samaki. Ulilamba hata kidole."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa tamu."

"Na leo unavunja jiko?"

"Mama, usinikasirikie, mimi ni mutu wa kutumwa. Bichi inatengenezwa!"

"Bichi ni sisi!"

Akaweka kopo chini, akatoa telefone, akatuonyesha foto. Wazungu wamelala juu ya viti ndefu, uchi karibu yote, macho wamefunika na miwani nyeusi. Juu yao miamvuli kubwa, nyekundu na nyeupe.

"Hii ni hospitali gani?" nikauliza.

"Haiko hospitali. Ni bichi."

"Na wagonjwa wanalala inje?"

"Hawako wagonjwa, mama. Wanapumzika."

"Wanapumzika nini? Walibeba nini?"

Akaangalia tena ile foto. Akasema, mu pua: "Wanapumzika tu. Njo developma, maendeleo." Kisha akaonyesha na kidole: viti itaanza hapa, pa jiko yenu, itaenda mupaka ku muchanga. Yaya akakamata ile telefone, akaisogeza karibu na macho, akaangalia murefu sana. Akamurudishia.

"Mbuzi itapita wapi?" akasema.

Toka ile siku kukaa ilinishinda. Nikikaa, muguu inacheza yenyewe. Napika huku nageuka kila pikipiki inalia, nazania ni wavunjaji. Wali yangu ikaungua, mimi mwenye wali haijaniunguaka toka nilikuwa binti. Wateja wanasema: "Mama, tutolee mukubwa," namutoa, lakini anatoka bila mafuta, sauti inakwama kati kati, naangalia njia. Usiku nilikuwa natoa nguzo mu kichwa, nazipanda fasi ingine, nazitoa tena. Kila fasi haifai. Asubui napanda komini. Mukubwa hayuko. Narudi. Nafika chini, nasikia amekuja. Napanda tena. Yaya anaosha sahani, ananiangalia napanda, ananiangalia nashuka, sawa mutu anaangalia mbuzi yenye imekula chumvi.

Mwisho nikamupata. Niliketi ku benchi mupaka akachoka kunipita.

"Mukubwa, kwa Mungu, ile foto ni nini?"

Akafunga mulango. Hakukuwa na "bo" tena, hakukuwa na "premiereman". Sauti yake ya nyumbani nilikuwa sijaisikia bado. Ni ndogo, sauti ya mutu mwenye hakulala.

"Mama, kaa. Wale wapartenere wa kutoa pesa hawasemi Kifaransa, wanasema Kingereza. Sisi tuliomba bichi. Kwao kule, bichi ni muchanga ya watu kulala na kuogelea. Sisi tulisema bichi, wao wakasikia bichi, wakafurahi sana. Wakatuma ile foto."

"Basi uwaambie haiko vile."

"Nikiwaambia wamekosea, watahaya, watapeleka proje ku komini ingine. Miaka yote hakuna mutu alituletea hata musumari. Tuchukue kwanza! Wakishaenda, viti tutaweka ku materinite, wamama wenye wanangojea kuzaa wapate pa kukaa. Miamvuli tutawapa wauza nyanya."

Nikamuangalia. Uwongo haikuwa mu macho yake. Aliona kabisa ile miamvuli mu soko.

"Na hanga yetu?"

"Itavunjwa kidogo."

"Kuvunja kidogo inakuwaka namna gani, mukubwa?"

"Mutahamia juu, ku barabara."

Ku barabara! Kule pikipiki haisimame, inapita na vumbi yake, vumbi njo itakula wali yetu. Mutu mwenye ametoka mu mutumbwi na njaa atapanda kilima kwanza njo akule? Nikafungua mudomo. Akaweka mukono mbele yangu.

"Mama, nakujua. Unaniiga, nasikiaka, hata bibi yangu amekutana nayo, amecheka. Sina kinyongo. Lakini ile siku wageni watakuja, mudomo! Nikisikia sauti yako, hata ile fasi ya ku barabara hamutaipata. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nikashuka kile kilima nimeuma kitambaa. Nikamuambia yaya yote, na sauti zote, ile ya hotuba na ile ya nyumbani. Alisikiliza. Akaendelea kuchambua muchele.

Siku ya wageni, salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha, ilianza mapema. Vijana walifagia bichi, walifunika matope na nyasi, wakaenda ku muchanga, wakafagia pale murefu, wamefunga vitambaa ku pua, wakamwaga muchanga mupya juu ya ile ya zamani. Ajan wa komini akapita na megafone, pua yake ikalia mupaka ngambo: "Leo hakuna mutu wa kushuka ku muchanga! Kwa haja yoyote!" Wapiga kasia wakaangaliana. Moja akauliza: "Sasa tuende wapi?" Ajan akamujibu: "Ukamate mupaka kesho."

Wageni wakafika. Mama moja muzungu, murefu, kofia kubwa, uso muzuri, mutu wa kucheka na kila mutu. Na mutafsiri yake, kijana mweusi sawa sisi, lakini alisomea ku Nairobi, Kiswahili yake imenyooka sawa imepigwa pasi. "Shikamooni, bibi zangu. Hamjambo? Mgeni wetu amefurahi mno kufika." Mno! Ile "mno" iliingia mu mwili yangu papo hapo, ikaanza kutafuta njia. Nikauma kitambaa.

Mukubwa akatoa hotuba. Premiereman, akashukuru. Deziememan, akashukuru. Yule mama muzungu akasema kitu, kijana akageukia sisi wamama.

"Mgeni anauliza: je, mnahitaji ngazi hapa?"

Ngazi! Kwetu ngazi ni yale matunda nyekundu ya mungazi yenye tunatoleaka mafuta ya mawese. Juu ya nini muzungu anauliza ngazi? Wamama wote wananiangalia mimi. Nilijua nimekatazwa. Lakini mutu ameuliza vizuri, na "je" yake mbele! Haikunipa nguvu ya kukataa.

"Hapana, mwanangu. Ngazi tuko nayo mingi, inajaa ku mulima kule. Mumuambie aksanti."

Kijana akatafsiri, mama muzungu akatikisa kichwa, mutu moja wao akaandika. Mukubwa akakohoa, akanipiga jicho. Ajan akanisogelea, akanong'ona mu sikio, pua yake inatetemeka:

"Mama! Ngazi mu Kiswahili yao ni eskalie!"

Kumbe waliuliza eskalie! Kumbe mimi mwenyewe, na mudomo yangu, nimewaambia tuko nayo mingi! Nilitaka kukimbia nimuvute yule kijana ku shati: rudi, uliza tena! Lakini mukubwa alikuwa bado ananiangalia, na macho yake inasema barabara, barabara. Nikasimama hapo, muguu moja mbele, muguu moja nyuma. Nikageuka kumuangalia yaya. Alikuwa amesikia. Aliangalia kilima, aliangalia muguu yake. Kisha akafunga kanga yake vizuri, akashuka nyuma ya wageni, pole pole, anachechea juu ya zile nyasi. Hakuna mutu alimukataza. Nani anakatazaka yaya? Hajasemaka kitu.

Nikamufuata. Singeweza kubaki.

Mama muzungu alikuwa amefika ku muchanga. Akasimama, akafungua mikono sawa mutu anakutana na ndugu. Akavua viatu. Nyuma yangu nikasikia wapiga kasia wote wanavuta pumuzi pamoja. Akatembea. Vidole yake inaingia mu muchanga, inatoka, anacheka. Ule muchanga mupya wa salongo ulikuwa karibu na njia tu. Yeye akaenda mbali, chini ya yale majani marefu, fasi yenye kivuli, ile yenye kila mutu anachaguaka. Akakaa chini. Akachota muchanga na mikono mbili, akaiachilia ipite kati ya vidole, akachota tena.

Mukubwa alisimama na kostime yake, jasho inashuka mupaka ku kravati. Ajan alifunga macho. Mimi nilikuwa na kitambaa yote mu mudomo. Neno ilikuwa pale, nyuma ya meno, inapiga teke sawa mutoto wa siku zake. Nikisema, hanga imevunjika na barabara imetukatala. Nikinyamaza, hanga imevunjika na tuko ku barabara. Nikaangalia mabati yetu kule juu, moshi inatoka bado, sufuria iko ku moto. Nikanyamaza. Mungu anashuhudia, mimi nilinyamaza.

Mama muzungu akasema kitu, murefu, na mukono yake inajaa muchanga, anatuonyesha. Kijana wa Nairobi akatafuta mutu wa kuuliza. Mimi nikainamisha kichwa. Akamuona yaya, bibi mupole, kimya, na fimbo yake.

"Bibi, mgeni anasema mchanga wenu ni mzuri ajabu, hajauona kwingine. Anauliza, mbona nyinyi wenyewe hamkai hapa?"

Yaya akamuangalia kijana. Akamuangalia yule mama, mikono yake, mapaja yake pale chini. Akasema, na sauti yake ya kila siku:

"Umuambie anawe mikono. Hapo amekaa njo tunakunyaka."